Timazi ya Baba Mdogo

Baba Mdogo ni fundi mwashi, na kwa majivuno ya kazi hana mpinzani. Timazi yake, kamba yenye chuma mwishoni ya kupimia ukuta kama umenyooka, humfuata hata msalani.

Juzi asubuhi aliining'iniza, akaiona inayumba. Upepo haukuwepo. Kamba ilipotulia, kwa macho yake ukuta ukaonekana umeinama. Basi akachukua nyundo akaanza kuubomoa ukuta aliousimamisha mwenyewe.

"Fundi, uko sawa huo!" kibarua wake akapiga kelele.

"Wewe changanya saruji!"

Hiyo "saruji" ilitoka imelegea kama ya mlevi. Kibarua akacheka, maana Baba Mdogo hanywi hata soda. Kisha fundi akaangukia rundo la matofali, na kicheko kikakatika.

Muuzaji wa duka la dawa akatupatia vidonge. "Kizunguzungu cha masikio tu hicho, kitatulia." Tukaamini, nani asiyependa ugonjwa wa bei nafuu? Siku nzima alilala ameng'ang'ania kingo za kitanda, beseni la matapishi ubavuni.

"Fumba macho, baba watoto," Mama Mdogo akambembeleza.

"Nimefumba. Kitanda bado kinanimwaga."

Jana tulimbeba hadi hospitali. Daktari alimwambia aguse pua yake, kisha kidole cha daktari. Mkono uliopanga matofali maisha yake yote ukaikosa pua, ukagonga shavu.

"Masikio hayalegezi ulimi, wala hayapotoshi mkono," daktari akasema. "Mshipa umeziba huku nyuma ya ubongo, panaposhikilia mizani ya mwili. Mngemleta ulimi ulipoanza kulegea, tungekuwa na la kufanya zaidi."

Mama Mdogo akakaa sakafuni.

"Jukwaa la ujenzi nitalipanda lini?" Baba Mdogo akauliza.

"Kwanza tuone kama utaweza kuketi, mzee."

Tukamketisha. Akateleza upande wa kushoto kama gunia lililotoboka.

Leo ameomba timazi yake. Nimeishika mbele ya uso wake, nikiwa na mzaha tayari mdomoni.

"Acha kuichezesha, mwanangu."

"Siichezeshi, Baba."

"Shika kwa mikono miwili."

Nimeshika kwa mikono miwili, nimezuia na pumzi. Chuma kimetulia tuli. Ameitazama muda mrefu, macho yakirukaruka pembeni, machozi yakimtoka.

"Inayumba," amesema. "Bado inayumba."

Mzaha nimeumeza.