Sarafu Aliyoilalia Dikko

Sihitaji kuongeza chumvi: mke mwenzangu Dikko alikuwa mvivu kuliko kivuli cha adhuhuri. Nzi akimtua puani, alingoja upepo umwondoe. Mwaka wa ukame ng'ombe wake wa mwisho alifia usingizini, tukasema kamwiga mwenyewe.

Cheka, lakini Mfulani asiye na ng'ombe ni nani? Miaka mitatu Dikko alikuja kwangu kila asubuhi na kibuyu chake kuomba maziwa, macho chini.

"Nikipata wangu mmoja tu, Takko," alikuwa akiniambia, "nitampa jina lako."

Tulipoolewa, mama mkwe alitupa kila mmoja sarafu ya fedha ya faranga tano, za mwaka mmoja, mapacha. Yangu niliipeleka kwa mhunzi akaitoboa, nikaisukia nyweleni, na kila siku ya soko niliisugua kwa majivu na mchanga. Iling'aa hata ndege wakapotea njia. Yule Mzungu aliyechorwa juu yake alibaki hana pua wala masikio. Dikko yake aliitia kwenye kifuko cha ngozi, akakilalia. Kwa mhunzi aliona mbali, na mvukuto wake tuliusikia tukiwa kitandani!

Siku moja likaja neno kwamba Gambo, yule Mhausa wa Zinder anayenunua sarafu za kale, yuko njiani.

"Lete yako niisugue," nikamwambia Dikko. "Imekuwa nyeusi kama tako la chungu. Utatuaibisha."

"Iko chini ya mkeka. Ichukue mwenyewe, mwenzangu, mimi nimeshalala."

Nikaichukua. Nimeshachota majivu, kidole hicho kinashuka, ukelele ukatoka mlangoni: "Mama, kwa jina la Mungu, weka chini!"

Ni Gambo. Akanipokonya, akaikagua kwa kioo chake cha kukuzia, akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Za mwaka huu zilitoka chache, na nyingi zimeyeyushwa kuwa bangili. Na Mzungu wa hii ana kila unywele wake! Weusi huu ndio umri wake. Ukiusugua, umeichuna ngozi."

"Basi tazama pacha wake," nikasema, nikamwinamishia kichwa.

Akatazama, akashusha pumzi. "Hii umeiua, mama. Tundu, na uso hamna. Nitakupa bei ya uzito wake tu."

"Ninayo nyingine sandukuni, ya mwaka mwingine. Haijaguswa."

Akaitazama hiyo pia. "Nzima kabisa, ila za mwaka huo zimejaa mpaka mbuzi wanazivaa. Kuku mmoja, kwa huruma."

Dikko, bado chali: "Takko, hebu muulize kama ana ng'ombe."

"Ng'ombe na ndama wake!" Gambo akadakia, upesi mno.

Upesi ule nikaujua. Nikamnyang'anya sarafu, nikarudisha mkono kwenye majivu. "Wawili, kila mmoja na ndama wake. Ama nisugue?"

Ng'ombe walipofika, Dikko aliamka bila kuitwa. Akamkumbatia shingo yule mwekundu, akalia kimya, akampa jina langu kama alivyoahidi. Kisha akarudi kulala. Tangu siku hiyo, Takko ndiye anayemkamua Takko.