Mama Aliyetembea Hadi Houston

Juzi, nikielekea Houston kwa gari, niliona shamba la pamba nikamkumbuka Bi Lorene, jirani yetu mzee wa mji wa Grand Prairie. Nilipokuwa mtoto, alasiri ya sikukuu ya kukomeshwa kwa utumwa, alitualika kwake, na moshi wa nyama ulinukia hadi barabarani. Alitusimulia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha, mama wa bibi yake, mtumwa katika shamba la pamba, aliambiwa yuko huru. Akatua jembe palepale, akaenda Houston kumtafuta bintiye aliyeuzwa.

“Kwa nini hakupanda basi?” niliuliza, nikidhani mabasi yalikuwepo tangu zamani.

Mama yangu alinikazia macho, lakini Bi Lorene akacheka.

“Alitembea, mwanangu. Wiki tatu.”

“Alimpata?”

Akanyoosha mgongo, akatutazama sote.

“Alimpata. Binti huyo ndiye bibi aliyenilea mimi.”