Suruali Yangu Ilibaki kwenye Chuma cha Mugodi

Hii habari sipendi kuisimulia, lakini kwa kuwa Rumonge nzima inaijua na kila mutu anaongeza yake (wengine wanasema nililia, ni uongo, nilikuwa nimemeza maji tu), afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Ilikuwa wakati wa vita, nyumba yetu ya Minago ilikuwa imechomwa, na mimi na muke wangu Consolata na watoto watatu tukakimbilia kwa mama yake, kule Kizuka. Sasa nyinyi munajua, mwanaume mwenye heshima halali nyumba moja na mama mukwe, hata kumuangalia usoni haifai. Na nyumba yenyewe vyumba viwili! Basi nikawa naishi kama mwizi: asubuhi natoka kabla hajaamka, nikirudi nakohoa toka barabarani ili apate nafasi ya kuingia ndani, chakula nakula nyuma ya jiko nikiangalia ukuta. Mwaka muzima nakohoa, mupaka majirani wakamuuliza Consolata kama nimepimwa kifua.

Ikaja miezi ya utulivu kidogo, na muradi mumoja ukaanza kugeuza ule mugodi wa zamani, kule walikokuwa wanachimba mawe na changarawe za barabara, uwe parke ya mukoa: miti, mabenchi, bembea za watoto, na lile shimo kubwa lililojaa maji ya mvua likaitwa bwawa. Mimi nikachukuliwa kuwa kapita, musimamizi wa vibarua. Langoni kulikuwa na nyumba ya mabati, vyumba vitatu, iliyoachwa na wachimbaji, na shefu wa muradi alituambia kwamba mulinzi mukuu wa parke ndiye atakayekaa humo, na kwamba administrateri, yule mukubwa wa komini, atamutaja siku ya ufunguzi, akishajionea kazi. Cheo sikukitaka. Nilitaka ile nyumba.

Siku ilipofika niliamka na wazo, na lenyewe lilikuwa dogo tu: njia ya kushuka bwawani ilikuwa na vumbi jekundu, nikaona wakubwa watachafua viatu, nikaamuru vibarua waimwagie maji. Mama Furaha, kibarua wetu aliyetoka Uvira, akaniambia huu udongo ni ule wa kufinyanga vyungu, ukilowa mutu hasimami. Nikamukumbusha nani ni kapita hapa (Mungu anisamehe), na maji yakamwagwa, ndoo baada ya ndoo.

Wageni wakaja na wanajeshi wao, wana haraka, kwa sababu barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa saa kumi. Pale chini, kando ya bwawa, kwaya ya akina mama ilikuwa inaimba na kupiga makofi, na mustari wa mbele kabisa nani? Mama mukwe, na kitenge kipya. Nikaangalia mawingu, kama inavyopaswa.

Administrateri akafika ukingoni, akaona njia inang'aa, akaniuliza, "Kapita, hii njia iko muzuri kweli?"

"Mukubwa, hapa hata bibi kizee anashuka na mutungi kichwani," nikasema, nikatangulia.

Hatua ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sikumbuki kama niliikanyaga. Nilijikuta nimekaa chini na ninateremka, na hapa inabidi niwaambie habari ya suruali: niliinunua kabla ya vita, nikiwa na kitambi, vita ikamaliza kitambi, mukanda nikaupoteza tukikimbia, kwa hiyo nilikuwa nimeifunga na kamba ya gunia. Katikati ya njia kulikuwa na chuma cha wachimbaji kimetokeza (shefu aliniambia mara mbili nikitoe, nikasema kesho). Chuma kikashika suruali, kamba ikakatika, suruali ikabaki, mimi nikaendelea na safari. Nguo ya ndani musiniulize, vita ilikuwa ngumu.

Nikatua bwawani, nikasimama haraka kama mutu ambaye hajapatwa na kitu, na maji yalikuwa ya magoti. Wimbo ukakatika. Mama mukwe alikuwa hatua tano mbele yangu, na hakupata muda wa kufunika macho.

Nikakaa tena majini. Kule juu wanajeshi walikuwa wanacheka wameshikana mabega, na mimi nilikuwa nawaza nyumba tu, kwamba imekwenda, na wanangu watakua wakisikia baba yao anakohoa barabarani.

Mama mukwe akafungua kitenge chake cha juu, akakirusha upande wangu akiangalia pembeni, kisha akapaza sauti, si kwangu, kwa administrateri.

"Mukubwa, huyu ni mukwe wangu, anakaa kwangu. Leo nimeona kitu mama mukwe haoni. Hawezi tena kulala chini ya paa langu, na wajukuu zangu sina pa kuwapeleka. Mumupe ile nyumba ya langoni."

Administrateri alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akamuuliza shefu kama miti imeshika, shefu akasema yote imeshika, na bembea ziko imara. Akaangalia saa yake, akasema mulinzi mukuu ni mimi, akatoa ufunguo, akamupa Consolata aliyekuwa kati ya watu, maana mimi sikuwa na mufuko wa kuuwekea.

Tulihamia siku ile ile. Mama mukwe hajakanyaga parke hata mara moja, anatuma mawese na ndizi na salamu kwa watoto, na Consolata anasema mama yake akisikia jina langu anajifunika uso. Aibu bado ninayo na nyumba ninayo. Lakini nimeapa: mukubwa mwingine akiniuliza kama njia iko muzuri, nitamujibu asante, murakoze mukubwa, tangulieni nyinyi.