Pikipiki Kubwa na Maneno ya Njiani

Pikipiki yangu niliinunua kabla mwanangu wa mwisho hajaota meno, na huyo mwanangu sasa ana ndevu. Ilikuwa nyekundu. Siku hizi ina rangi yake tu, haina jina. Mimi ni fundi wa mafriji, nakaa Ngamiani, na juu ya chombo kile nimebeba kompresa, mitungi ya gesi, milango ya friji, mara moja hata friji zima, ingawa hilo nisingependa lirudiwe. Na kila Ijumaa, nikishatoka msikitini, nampakia mke wangu tunakwenda Pangani kumwona mama yake.

Mke wangu hukaa upande, kama wakaavyo wanawake wa kwetu, miguu yote kushoto, baibui amelikunja vizuri lisije likaingia kwenye mnyororo, mkono mmoja kiunoni kwangu, kidevu karibu na sikio langu. Halafu huanza kuongea. Nyumbani kwetu hapaongeleki. Kuna watoto, kuna wapangaji wa uani, kuna televisheni, na kuna dada yangu ambaye huja kuomba chumvi akakaa mpaka Isha. Kwa hiyo mambo yote mazito ya ndoa yetu tumeyamalizia njiani. Mtoto wa kwanza asomee nini, tuliamua Tongoni. Kile kiwanja tusikinunue, tuliamua karibu na Kigombe, na aliyekinunua mpaka leo anahangaika mahakamani. Tumegombana sana barabara ile, tukanuniana, tukapatana kabla ya kuingia mjini, maana huwezi kumfikia mkwe umevimba.

Basi, rafiki yangu mmoja akapata uhamisho wa kwenda Mtwara, akawa anauza pikipiki lake. Nasema pikipiki kwa sababu sina neno jingine. Lilikuwa dude. Limelala chini, tairi la nyuma pana, tanki jeusi linalong'aa mpaka unaona ndevu zako, usukani umepanda juu kiasi kwamba ukiushika kifua kinatanuka chenyewe. Ekzosi mbili, moja kila upande. Siti ya dereva ni kochi kabisa. Mimi mgongo wangu umekwisha kwa kuinamia mafriji, na siku nilipolikalia uani kwake, bila hata kuliwasha, mgongo ulinyamaza. Wallahi nilijiona mrefu.

Pale kijiweni tunapokunywa kahawa kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema spea zake hutazipata Tanga hii. Mwingine akasema likikulalia mguu utaitiwa watu wa kulinyanyua. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akaniuliza kwa umri wangu nataka kumwonyesha nani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua. Niliacha kahawa yangu nusu nikaondoka, nikiapa moyoni kwamba nitalinunua, na kwamba siku ya kwanza nitapita hapo kijiweni polepole.

Mke wangu hakupinga. Yeye anauza viungo sokoni, hiliki na pilipili manga na mdalasini wa kutoka Amani, na ana tabia ya wafanyabiashara ya kusikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Nikamweleza kuhusu mgongo. Nikamweleza kuhusu siti. Nikamweleza kwamba mwendo wake ni mtulivu, hata mashimo huyasikii. Aliponiacha nikamaliza, aliuliza neno moja tu.

"Tutaongeaje?"

Nikamwambia atanisogelea. Akasema haya, tujaribu. Ijumaa niliazime kwa mwenye mali, twende nalo Pangani. Tukiweza kuongea njiani kama tunavyoongea siku zote, ninunue, na yeye ataniongezea kutoka kwenye faida ya hiliki. Tukishindwa, nilirudishe, na nisije nikalitaja tena ndani ya nyumba ile. Nilikubali haraka sana. Niliona nimeshalipata.

Ijumaa ikafika. Kwanza tu kupanda kukawa shughuli. Kukaa upande hakuwezekani, kwa sababu nyuma kuna chuma cha kuegemea, na kila upande kuna ekzosi ya kukuunguza. Mke wangu akazunguka dude lile, akalitazama kushoto, akalitazama kulia, akarudi ndani. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya mwanawe chini ya baibui. Wapangaji wote walikuwa wameshatoka. Dada yangu akapiga vigelegele mpaka mlango wa jirani ukafunguka. Mke wangu akapanda, akakaa kama wanaume wakaavyo, akajifunga ile helmeti kubwa ya rafiki yangu yenye kioo mbele, nami nikafunga yangu, na tukaondoka Ngamiani kwa kishindo ambacho nina hakika kilifika kijiweni.

Jamani, nisiwe mnafiki. Nilifurahi. Nilifurahi kama sijafurahi miaka mingi. Dude lilikuwa linateleza kwenye lami, jua lipo mgongoni kwangu, kivuli chetu kinakimbia mbele, kipana, na mimi nakitazama kuliko hata ninavyotazama barabara. Tongoni watu waliokaa madukani walisimama. Kigombe watoto walitoka mbio kutupungia, nami nikawapungia kama rais. Niligeuka nusu nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya juu, waonaje? Sikusikia jibu. Alinigonga bega mara moja. Nikachukulia kuwa ni ndiyo.

Tulipoingia kwenye mashamba ya mkonge nikahisi helmeti yake inagonga yangu kwa nyuma. Kumbe ameegemea mbele. Nikasema moyoni, huyo, ameshapenda. Kwa furaha tu nikatikisa kichwa, juu na chini, mara kadhaa, kama mtu anayesikia muziki. Akanishika kiuno kwa nguvu. Kutoka hapo mpaka tunaingia Pangani sikuwaza kitu kingine ila nitalipaka nta ya rangi gani.

Nilipozima injini mbele ya nyumba ya mama mkwe, masikio yalikuwa bado yanavuma. Mke wangu hajavua hata helmeti, mimi nimeshaanza kujisifu. Nikamwambia si ameona, tumekuja tunaongea kama kawaida. Akavua. Macho yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni, vumbi.

"Umenisikia?" akaniuliza.

"Nimesikia yote."

"Na pale kwenye mkonge, ulipotikisa kichwa, ulikuwa umekubali?"

Wewe ungefanya nini? Ukisema hapana, dude linakwenda Mtwara. Nikamwambia nimekubali, tena bila kinyongo. Akanitazama kitambo. Sikuujua uso ule, na mimi nyuso zake nazijua. Kisha akasema ni vizuri, basi nikamwambie mama mwenyewe, maana maneno kama hayo yakitoka kinywani mwa mkwe yana uzito zaidi. Akatangulia ndani.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Hajawahi kunigombeza, na hajawahi kunikaribisha nikiwa bado sijafungua kinywa. Miaka yote nasimama pale mlangoni, ananitazama usoni, kimya, mpaka nitoe shikamoo, ndipo anatabasamu. Siku hiyo nayo ikawa vivyo hivyo. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu. Tukakaa mkekani. Akatumiminia kahawa. Mke wangu akasema, "Mama, mkweo ana neno," akaweka mikono mapajani akaniachia uwanja.

Nilianza mbali. Nikamsifu Mungu, nikamsalia Mtume, nikaulizia afya, nikaulizia majirani, nikaulizia mbuzi. Mama akajibu yote. Kisha nikasema, mama, kuhusu lile jambo. Akaniuliza jambo gani. Nikamtupia jicho mke wangu, anatazama mlango. Nikasema, lile la mabati, mimi nitasimamia. Mama akashangaa, akasema mabati mwanawe wa kiume ameshayabadilisha, na wala hayavuji. Nikasema ndiyo, mabati yale ni mazuri, mimi nilikuwa na maana ya minazi. Minazi ina nini? Minazi, mama, tuipalilie. Akaniambia kwa upole kwamba ile minazi aliigawa kwa wajukuu, wangu wakiwemo, na kwamba nilikuwepo. Jasho likaanza kunitoka. Nikafikiria kutaja choo, nikaona sasa nakwenda kubaya.

Nikaweka kikombe chini. "Mama," nikamwambia, "sijui nimekuja kusema nini. Lile dude lina kelele. Sijasikia hata neno moja tangu Ngamiani."

Mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, akafuta macho, akacheka tena, hata mimi nikaanza. Mke wangu hakucheka. Mama, huku bado anacheka, akataka kuweka kikombe chake kwenye sinia. Mkono ukashuka mkekani. Ukapapasa mkeka, ukapapasa ukingo wa sinia, ukalifuata mpaka katikati, ndipo kikombe kikakaa. Akainua birika aniongezee, na nikaona kidole chake cha shahada kimetangulia ndani ya kikombe changu, kinasubiri kahawa ifike. Kicheko kikaniishia. Nikakumbuka pale mlangoni, miaka yote ile niliyodhani ananisubirisha kwa madaha. Alikuwa anasubiri sauti.

Mke wangu akainuka akatoka uani. Nikamfuata. Alikuwa amesimama karibu na kisima, ananipa mgongo, na lile suruali la mwanawe limemvuka miguu. Akaniambia alimpeleka mama Tanga kwa daktari wa macho Jumatatu, wakati mimi niko Muheza kwenye kazi. Daktari amesema macho hayo hayatarudi, yatazidi kwenda. Akasema yeye anataka tumchukue mama tukae naye.

"Nimelibeba tangu Jumatatu, nikingoja Ijumaa nikuambie," akasema. "Nimelia kuanzia Kigombe. Wewe ulikuwa unapungia watu mkono."

Nilitaka kumshika, nikaona haya, maana mikono ile ndiyo iliyokuwa inapunga. Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, lakini jibu sasa hivi hataki, kwa sababu jibu la mtu mwenye haya si jibu. Nikae nalo. Huyo ndiye mke wangu. Nimeishi naye muda wote huu na bado ananishinda kwa hesabu.

Tulirudi Tanga na dude lile lile, tutafanyaje. Nililiendesha polepole, na safari hii sikutazama kivuli. Nyuma yangu kulikuwa na mtu mwenye mambo kifuani, na kati yetu kulikuwa na helmeti mbili na injini. Jioni ile ile nikampelekea rafiki yangu ufunguo wake. Akataka kujua lina kasoro gani. Nikamwambia halina kasoro hata moja, ni chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupanda, na huko Mtwara Mungu amjaalie mnunuzi ambaye hajaoa. Akaniona nimerukwa na akili. Mgongo, kwa taarifa yenu, bado unaniuma.

Asubuhi yake nikaitoa pikipiki yangu, nikaipiga kiki, ikagoma kama kawaida yake, nikaitukana kidogo, ikawaka. Mke wangu alikuwa anapima hiliki. Nikamwambia twende. Akasema leo Jumamosi, twende wapi? Nikamwambia twende Pangani, na njiani anianzie upya, tangu pale mlangoni kwa daktari, asiruke hata kitu. Akasema asingependa kulia mara mbili kwa jambo moja. Nikamwambia basi asilie, aseme tu. Akafunga mfuko wa hiliki, akachukua baibui.

Alikaa upande, miguu kushoto. Mpaka tunapita Tongoni hakusema kitu, na mimi sikumharakisha. Malori yalitupita, bodaboda zilitupita, mzee mmoja wa baiskeli nusura naye atupite. Kisha akaanza. Akanisimulia Jumatatu yote: foleni, daktari kijana aliyemwita mama bibi kwa adabu, taa iliyomulikwa machoni, na jinsi mama alivyotoka nje akaomba wapite sokoni auguse mdalasini wake, aione mali ya binti yake. Alilia tena, tena pale pale. Safari hii nilikisikia kilio chake chote. Nami nikalia, nikiwa naendesha, jambo ambalo silishauri.

Kabla hatujaingia mjini nilimjibu. Nikamwambia vijana watahamia kile chumba cha nyuma, na mama atakaa cha mbele, chenye dirisha la kuelekea barabarani, awe anawasikia wapitao na kuwasalimia kwa majina. Nikamwambia dada yangu akija kuomba chumvi, angalau atakuwa na wa kukaa naye. Mke wangu akacheka katikati ya machozi, na kidevu chake kikatulia begani kwangu mpaka tulipofika.

Nilitoa shikamoo nikiwa bado sijafika mlangoni. Mama mkwe akashangaa, Jumamosi yote hii, kuna salama? Nikamwambia salama, nikakaa mkekani karibu naye kuliko kawaida yangu, nikamwambia kwamba tunaomba aje akae kwetu, na kwamba ninayeomba ni mimi. Akaniuliza kama hili nimelisikia vizuri. Nikamwambia nimelisikia vizuri.

Akanyoosha mkono aniwekee kichwani aniombee dua. Mkono ukaenda pembeni, penye hewa tupu, nami nikasogeza kichwa mpaka kikawa chini yake.