Kanzu ya mume wangu ipo chini ya godoro

Admin, shikamoo. Naomba ufiche jina langu, maana huku Bunda tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Muislamu, nina watoto watatu. Mume wangu ni mchinjaji machinjioni. Nyama inayoliwa mjini hapa, hata na majirani zetu Wakristo, inapita mikononi mwa watu kama yeye, na mimi nilikuwa najivunia sana kazi hiyo.

Nina mdogo wangu wa kiume, nimwite Saidi, fundi simu. Aliacha kuswali. Angenyamaza yangeisha, lakini Saidi mdomo wake haukai. Akaandika Facebook kwamba haamini tena, akahoji kwa nini mtu akitoka kwenye dini yetu anatishwa. Niliumia, nikamgombeza mpaka nikalia mwenyewe. Shehe wetu alisema aachwe, tumwombee dua. Mume wangu aliacha tu kumtaja.

Wiki hiyohiyo mume wangu akarudi jioni, kanzu yake ya Ijumaa ina damu. Nilipomuuliza alisema kuna mtu alimwita akamchinjie mbuzi. Nikaichukua ili nikailoweke. Kabla sijachota maji simu ikaita, Saidi yuko hospitali. Wanaume walimvamia njiani akitoka kwa mteja kule kijiji cha Guta, wakampiga marungu wakimwita kafiri. Jicho la kushoto halioni tena.

Kanzu ile sikuifua. Wenzangu mlioolewa na wachinjaji mtanielewa. Damu ni najisi, huwezi kuswali nayo. Tangu anioe, mume wangu anavua nguo za kazi kulekule machinjioni na kuoga ndipo arudi nyumbani. Kuchinja akiwa na kanzu ya Ijumaa hajawahi, hata siku ya Idi.

Hospitali Saidi alinishika mkono akaniambia, "Dada, kuna sauti niliijua pale. Usiniulizage ni ya nani, una watoto." Nilitoka nje nikalia kama nimefiwa.

Polisi wanasema hawana ushahidi. Mama anasema tumwachie Mungu. Na mimi mume wangu nampenda, si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Alfajiri akiswali namwangalia mgongo, najiuliza anamwomba Mungu nini. Dini niliyofundishwa na marehemu baba siyo hii. Nikimpelekea Saidi uji ananiuliza wajomba zake, yaani wanangu, wanaendeleaje, kisha ananiuliza, "Na shemeji hajambo?" Najibu hajambo, moyo unapasuka.

Ijumaa iliyopita mume wangu aliulizia kanzu yake, nikamwambia haijakauka. Kesho ni Ijumaa tena na ameshaiulizia. Nikiipeleka polisi, watoto wangu wanakosa baba. Nikimrudishia, nitamtazamaje mdogo wangu kwenye hilo jicho moja alilobakiwa nalo? Nishaurini ndugu zangu, hii kanzu nimpe nani?