Sala Niliyomwombea Sista Tabitha huko Nakuru

Mjukuu wangu Yona alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni huko Nakuru kwa ugonjwa wa mapafu, na habari zilizotufikia Mau Narok hazikuwa njema. Homa ilikuwa imeshuka, lakini mtoto alikataa kula, na nguvu zilikuwa zikimwisha. Sheria ya hospitali ilikuwa kwamba mama asiingie wadini; amtazame mwanawe kupitia dirisha tu. Wakati uleule hospitali iliyaomba makanisa yapeleke mzee mmoja katika halmashauri yake, na wenzangu wakanichagua mimi. Nilimshukuru Mungu, nikafunga mzigo wangu.

Tuliondoka alfajiri kwa lori la ngano. Nilikaa juu ya magunia, kibali changu cha kusafiri nimekitia ndani ya Biblia, maana siku zile za hali ya hatari mtu hakutoka kwake bila karatasi. Kabla ya kufika Njoro magurudumu yakazama matopeni.

"Mzee, wewe si mtu wa kanisa? Omba tutoke!" dereva akapaza sauti.

"Nitaomba huku nikisukuma," nikamjibu, nikavua viatu.

"Hiyo ndiyo sala ninayoitaka!"

Tulitoka, kwa neema ya Mungu na kwa matawi tuliyotandika chini ya magurudumu.

Adhuhuri tuliingia Nakuru. Huko mvua ilikuwa bado, na upepo ulipeperusha vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani. Nilimkuta Rebeka, mke wa mwanangu, ameketi nje ya wadi ya watoto na bakuli la uji uliokwisha kupoa.

"Baba, akiniona dirishani analia," akasema. "Nikiondoka, anageukia ukutani. Kijiko hakitaki."

Sista Tabitha, muuguzi mkuu wa wadi ile, akaja kunisalimu. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Mzee, mapafu yamepona," akaniambia. "Sasa anaugua upweke."

"Basi mwache mama aingie."

"Ningekuwa na ruhusa angeingia juzi. Daktari ananiambia ni neno la halmashauri. Na halmashauri, mzee, mimi naipelekea chai tu."

Asubuhi iliyofuata tukakutana. Alikuwapo daktari, mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini, na mwenyekiti, Mzungu mkulima. Mwenyekiti akaniomba nifungue kwa sala. Sasa, kanisani kwetu mtu anayetajwa kwa jina katika sala ya kufungua ndiye anayesema kwanza. Nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Basi nikawaombea wagonjwa, nikamwombea daktari, kisha nikasema, "Na mtumishi wako Tabitha, anayekesha na watoto hawa, umpe maneno ya kutuambia asubuhi hii." Nikasema Amina, nikamgeukia kule mlangoni alikosimama na birika, nikangoja.

Wote wakamtazama.

Mwenyekiti akakohoa. "Haya, Sista. Tumekwisha kusema Amina."

Akaweka birika chini. Aliomba mama mmoja aruhusiwe kukaa kando ya kila mtoto mdogo, amlishe na kumwosha, alale mkekani.

"Wataleta uchafu na magonjwa," daktari akasema. "Watapika wadini."

"Wataoga kwanza, watavaa nguo tutakazofua wenyewe. Atakayewasha moto nitamtoa. Bwana Daktari, dawa unaziandika wewe, lakini kijiko tunakishika sisi, na watoto wanafunga vinywa. Dawa inabaki kijikoni."

"Na ukishindwa kuwatoa?"

Mwenyekiti akacheka. "Hashindwi. Mwaka jana alinitoa mimi na kiko changu."

Yule mfanyabiashara akasema taratibu, "Mtoto wangu akiugua, simtengi na mama yake. Hawa nao ni watoto."

Daktari akasema ijaribiwe mpaka mkutano ujao, na Sista mwenyewe aje kutoa habari; sote tukakubali. Mfanyabiashara akainuka, akavuta kiti kutoka ukutani, akakisogeza mezani. Sista Tabitha akaketi. Chai tulijimiminia wenyewe.

Mchana ule Rebeka aliingia wadini, mikono yake ikinuka sabuni. Yona hakulia. Alimshika mama yake sikio, kama alivyozoea nyumbani, akafungua kinywa. Mimi nilikuwa dirishani, na sioni haya kusema kwamba nililia badala yake.

Nilirudi Mau Narok kwa lori lilelile, na njia yote nilikuwa nikishukuru. Nimejifunza kwamba Mungu aweza kuutumia hata ugeni wa mtu asiyejua desturi za mahali. Lakini nilijifunza na neno jingine, nalo lilinifuata mpaka kanisani. Katika mkutano wetu wa kwanza baada ya safari ile, nilipoinua macho, niliwaona akina mama wanaowahudumia wagonjwa wetu. Walikuwa wamesimama mlangoni na birika.

Nikaomba benchi moja zaidi liletwe.

"La nani?" mwenzangu akauliza.

"Kwanza tuombe," nikamwambia, nikaanza kuwataja kwa majina.