Karatasi Moja ya Grafu, Watu Wawili

Enzi zetu, karatasi moja ya grafu ilikuwa ya watu wawili. Mliosoma shule za kutwa mnaikumbuka: vile viraba vya kijani, harufu ya kabati lililofungwa likizo nzima, na mwalimu akilamba kidole ili karatasi mbili zisitoke kwa pamoja. Ukiiharibu, umeharibu ya wawili.

Mimi nilikuwa mgeni Bungoma. Wazazi wangu walibaki Kitale na mahindi yao, nami nikaletwa kwa Tata, dada yake baba, aliyekuwa karani mjini na akiishi karibu na shule. Niliingia kidato cha pili katikati ya mwaka, wakati kila msichana alikuwa ashapata mwenzake. Saa nne walijipanga ukutani wakila mahindi ya kuchemsha na kuongea Kibukusu haraka haraka. Mimi nilisimama kando ya tangi la maji nikijifanya nasoma. Hadi leo naweza kukwambia paa la maabara lilikuwa na mabati mangapi. Jioni Tata aliniuliza, "Leo umeongea na nani?" Nilimtajia majina ya kutunga.

Dawati nililikalia na Nekesa, kwa sababu mwenzake alikuwa amehamia Webuye. Hakuwa mbaya, ila maneno yake yalikuwa machache. "Sasa" ya asubuhi, basi. Lakini bega lake lilikuwa pale karibu na langu, na sikutaka kulipoteza.

Ijumaa moja mwalimu wa hesabu alibandika ukutani grafu nne, kila moja na herufi yake na mistari yake miwili. Kila dawati likapewa jozi moja ya milinganyo. Mmoja achore mstari wake, mwenzake achore wake kwenye karatasi hiyo hiyo, kisha mtafute grafu inayofanana na yenu. Grafu C tuliiita reli, maana mistari yake ilikwenda sambamba bila kukutana.

"Watakaopata wataendelea kukaa pamoja," mwalimu alisema. "Watakaokosa, nawatenganisha leo leo."

Yetu ilikuwa y = 2x − 1 na y = x + 1. Nekesa alichora wa kwanza, akanisukumia karatasi bila neno. Namba hakuwa ameziandika kwenye mihimili, nami niliona haya kuuliza. Kwa mhimili wa kulala tulilingana. Kwa ule wa kusimama nilipima sentimita mbili kwa kila namba, kama nilivyofunzwa Kitale. Nilipoinua rula, mistari yetu ilikuwa sambamba kabisa. Tukaandika C.

"Reli?" mwalimu alishangaa. "Hii milinganyo yenu inakutana!" Nekesa akabeba vitabu vyake akaenda mbele. Mimi nikabaki na dawati zima. Nililia njia yote hadi kwa Tata, na siku hiyo sikumtajia jina lolote.

Jumatatu saa nne, Nekesa alinijia kwenye tangi.

"Wewe Ciru, ulipima ngapi kwenda juu?"

"Mbili."

"Ati mbili? Mimi moja! Si ungeuliza, bana?"

"Na wewe si ungesema?"

Alicheka hadi mahindi yakamtoka mdomoni. Tukachora upya mchangani kwa kijiti, kwa kipimo kimoja. Mistari ikakatana: mbili kwenda kulia, tatu kwenda juu. Tulimkimbilia mwalimu, tukimwomba aturudishe pamoja. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Hesabu mnajua," alisema. "Kuulizana ndiko hamjui. Kila mtu abaki alipo."

Tukabaki. Darasani nilitazama kisogo chake tu, ila saa nne aliniita ukutani, akanigawia nusu ya hindi lake. Mwaka ulipoisha nilirudishwa Kitale. Nekesa aliniandikia barua mbili. Ya pili nilisema nitaijibu Jumapili, na Jumapili zimekuwa nyingi mno.

Siku hizi binti yangu yuko kidato cha pili. Anaiandikia simu milinganyo miwili, na kabla hujapiga chafya mistari imechorwa, mmoja mwekundu, mwingine samawati. Watoto hawa hata rula wanadhani ni ya kujikunia mgongo. Juzi alimaliza maswali yote sita akiwa amejifungia chumbani.

"Umefanya na nani?" nikamuuliza.

"Na nani tena, Mum? Simu si imechora?"

Nilitazama kazi yake. Yote sita yalikuwa sahihi. Sikumbuki mara ya mwisho mwenzake kuja hapa kwetu na vitabu, wakagombana mezani, wakala chapati zangu. Nilitaka kumwambia kwamba nikiwa na umri wake nililia barabarani kwa kukosa mtu wa kuniharibia karatasi. Lakini alikuwa ameshavaa vile vidude vyake vya masikioni.